Katuni ya Sungura na Ukimya Wetu

Idi iliyopita jumuiya yetu ilikodi ukumbi kama kawaida yake. Kina mama walipika, kina baba wakapanga viti, na watoto, ambao siku hizi ni wengi kuliko sisi wakubwa, wakatengewa chumba cha pembeni chenye televisheni na mazulia. Kijana mmoja ambaye hujitolea kila mwaka kuwaangalia alikuja na DVD aliyoinunua kwa pauni moja kwenye duka la mitumba. Juu ya kasha palikuwa na picha ya sungura. Pembeni palikuwa na pembetatu ya kijani yenye herufi U, alama ambayo hapa Uingereza maana yake ni kwamba filamu inawafaa watu wa umri wote. Akaiweka, akaurudisha mlango ili kelele zisitoke, nasi tukaendelea na biriani yetu.

Haikutimia saa moja, binti wa miaka sita akatoka mbio analia, akamshika mama yake nguo. Alichouliza ni hiki: mbona sungura wanakufa ndani ya shimo na hawawezi kutoka? Nyuma yake wakatoka wadogo wengine wawili. Tulipoingia chumbani tuliwakuta waliobaki wamekaa kimya, na kwenye kioo pana damu. Mzee mmoja akasema, "Ah, katuni tu hiyo." Mama mmoja akachomoa waya wa televisheni. Hapo mvulana wa miaka kumi akalalamika kwa nguvu: alitaka kujua kama sungura wale watafika waendako.

Siku ile hakuna aliyemwambia kijana wetu neno. Tuligawa peremende, tukasema yamekwisha, tukapiga picha za pamoja. Lakini wiki mbili zilizofuata simu zetu hazikupoa. Kila nyumba ilikuwa na la kusema: vijana wa leo hawafikiri, filamu za Wazungu hazina haya, viongozi wa jumuiya wamelala. Binti yule alilala taa ikiwaka kwa siku kadhaa, na habari hiyo nayo ikapita mdomo hadi mdomo ikiongezewa chumvi. Mwishowe maneno yakamfikia kijana mwenyewe. Alisema jambo moja tu: "Mngeniambia pale pale ningeomba radhi. Nimeyasikia kwa mtu wa tatu." Tangu siku hiyo hajaonekana ukumbini.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tulikuwa miongoni mwa waliosema pembeni. Ndiyo maana tuliona kabla ya kuandika lolote tufanye lile ambalo hatukulifanya. Tulikaa Jumamosi usiku, watoto wamelala, tukaitazama filamu ile mwanzo hadi mwisho. Katika wote tuliokuwa tukipiga simu, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona yote.

Filamu yenyewe ni Watership Down. Iliongozwa na Martin Rosen, ikatoka mwaka 1978, kutokana na riwaya ya Richard Adams ya mwaka 1972. Inaanza na ngano ya jinsi ulimwengu ulivyoumbwa: wanyama wote walikuwa marafiki, kisha kizazi cha sungura kikazidi mno, na babu yao El-ahrairah akakataa kuwazuia watu wake. Adhabu ikawa kwamba wanyama wengine wakapewa meno na makucha ya kumwinda. Yeye naye akajaaliwa mbio na werevu. Tulipofika hapo tulitazamana tukacheka, kwa sababu huyu ni Sungura wetu mtupu, yule wa Fisi na Simba, asiye na nguvu ila akili. Kama filamu ingeendelea hivyo, chumba kile cha Idi kingejaa vicheko.

Haiendelei hivyo. Sungura mdogo aitwaye Fiver, mwenye kuona mambo kabla hayajatokea, anauona uwanja wao umefunikwa na damu. Anamwambia mkubwa wa sungura, mkubwa anampuuza. Nduguye Hazel peke yake ndiye anayemsikiliza, na kundi dogo linaondoka usiku. Njiani, jike mmoja ananyakuliwa na mwewe kufumba na kufumbua, na hakuna anayepata hata nafasi ya kumlilia. Mwingine ananaswa shingoni na tanzi la waya hadi povu la damu linamtoka. Baadaye anakuja nahodha wa makazi waliyoyaacha anasimulia jinsi mashimo yalivyozibwa na ndugu zao wakafia ndani wakikosa pumzi, wakikanyagana. Hiyo ndiyo sehemu iliyomtoa binti yetu mbio. Mwishoni pana jemadari wa sungura mwenye kutawala kwa mabavu, pana mbwa aliyefunguliwa mnyororo, na pana kifo cha Hazel mwenyewe, anayechukuliwa kwa upole akiwa mzee.

Hukumu yetu ni kwamba filamu hii ni nzuri, tena ni nzuri sana. Haimdanganyi mtoto kwamba dunia haina mauti. Damu iliyomo haikumwagwa kwa mchezo, kwa maana kila anayekufa ana jina au ana nduguye anayemkumbuka. Mvulana wetu wa miaka kumi alikuwa na haki ya kutaka kujua mwisho. Lakini ni filamu iliyowekwa mbele ya watoto wa miaka mitatu, minne, sita, mlango umefungwa, hakuna mtu mzima anayeijua. Kosa lilikuwa katika kukutanisha filamu ile na umri ule bila ya mtu kati yao.

Tena hatukuwa wa kwanza. Bodi ya hapa inayopanga filamu kwa umri, BBFC, ilianzishwa mwaka 1912 na ina uzoefu wa kutosha. Mwaka 1978 iliipa filamu hii daraja la U kwa hoja kwamba ingewagusa watoto wakati wanaitazama, ila isingewasumbua sana baada ya hadithi kumalizika na mvuto wake kukatika. Wazazi hawakukubali. Karibu kila mwaka barua za malalamiko ziliendelea kuifikia bodi, si nyingi, lakini hazikukoma. Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2016 televisheni ya Channel 5 iliirusha filamu hiyo mchana, na wazazi waliokuwa wamewaweka watoto mbele ya luninga wakapiga kelele nchi nzima. Mkuu wa bodi mwenyewe akakiri mwaka huo kwamba kama ingeletwa siku hizo isingepata U. Hatimaye mwaka 2022, filamu ilipopelekwa upya kupangwa kwa vigezo vya sasa, ikapewa PG, yaani mzazi ashauriwe kwanza. Sababu zilizotajwa ni vitisho, ukatili kiasi, picha chache za damu na neno moja la matusi linalotoka kwa ndege. Hesabuni wenyewe: miaka 44. Na DVD za zamani zilizomo madukani na majumbani bado zina pembetatu ya kijani. Kijana wetu alisoma alama akaiamini, kama ambavyo yeyote kati yetu angeiamini.

Hapa tuna la kujifunza kuhusu namna ya kusema. Waliolalamika kuhusu filamu hii walikuwa na jambo mahususi: hii filamu, hizi sehemu, kwa umri huu. Hawakudai ichomwe moto. Walidai mzazi aambiwe. Na ndicho kilichopatikana.

Sisi lakini huwa hatusemi hivyo. Kwetu kuna namna mbili tu. Ya kwanza ni kunyamaza, kwa sababu ni wageni, kwa sababu Kiingereza chetu kina lafudhi, kwa sababu tunaogopa kwamba mama mwenye hijabu au baba wa zamu za usiku akiandika barua ataonekana mkorofi na nyumba yake itaanza kuchunguzwa. Ya pili ni kulaani kila kitu kwa pamoja, "televisheni za huku zimeoza", maneno ambayo hayamtaji mtu, hayataji kipindi, na kwa hiyo hayawezi kujibiwa na yeyote. Namna zote mbili matokeo yake ni mamoja. Mtoto anabaki na kioo chake.

Wako watakaotuuliza kama na sisi hatukulelewa kwa hadithi za kutisha. Tulilelewa nazo. Nani kati yetu hakusikia habari za zimwi lenye kula watu? Wengi tunakijua kile kisa cha msichana aliyesahau kombe lake ufukweni. Akarudi peke yake kulifuata, zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma na kumzungusha kijiji hadi kijiji akiimba humo ndani ili zimwi lipate chakula. Ukikipima kwa vigezo vya bodi yoyote, kisa hicho kinatisha kuliko mwewe na tanzi. Ni mtoto aliyetekwa.

Lakini tukumbuke tulivyosimuliwa. Bibi alisema paukwa, nasi tukaitikia pakawa, na kwa kuitikia tukawa tumeingia kwa hiari yetu. Taa ya chemli ilikuwa ndogo lakini uso wake tuliuona, na yeye aliuona wetu. Mdogo akianza kujikunja kwenye kanga, zimwi lilipungua kimo palepale, au likajikwaa, au likafanywa bwege tukacheka. Wakubwa wakiwa peke yao, zimwi lilirefuka. Na mwisho msimulizi alikuwa na desturi ya kufunga kwa kusema kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya ni yake yeye mwenyewe. Kwa maneno mengine, lawama aliibeba. Bodi ya mwaka 1978 ilisema mvuto wa hadithi ukikatika mtoto atatulia, na huenda ilikuwa sahihi. Ila haikusema nani ataukata. Kwa bibi mkataji alikuwepo. Katika chumba chetu cha Idi hakuwepo mtu.

Inasemekana, na mwandishi mwenyewe alilieleza mara nyingi, kwamba Adams aliianza hadithi yake kwa kuwasimulia binti zake wawili ndani ya gari katika safari ndefu. Basi hata hadithi hii ilizaliwa kama zetu, msimulizi na wasikilizaji wako pamoja na wanaulizana. Iliharibika ilipotiwa kwenye kasha na kuachiwa watoto peke yao.

Tulinganishe na kitu kingine, ili tusije tukayaweka yote kwenye kapu moja. Mwaka 2017 magazeti na redio za huku zilifichua video zilizokuwa zimezagaa YouTube, nyingine zikipenya hata ndani ya programu ya YouTube Kids iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya watoto. Zilitumia sura za Peppa Pig, za Elsa na za Spider-Man, bila idhini ya wenyewe. Kwa mbali zilikuwa katuni za kawaida. Ukikaribia unamwona Peppa anateswa kwa daktari wa meno, au watu wanadungwa sindano kubwa na kulia. Tofauti na Watership Down, video hizo hazikuwa na hadithi. Hakuna anayeondoka mahali, hakuna anayefika, hakuna anayeomboleza. Ni vitisho vilivyounganishwa ili mtoto aendelee kubonyeza, na moja ikiisha mashine inaleta nyingine. Ukitafuta msimulizi wa kumwambia humpati. Hizo hazifai umri wowote.

Hata hizo ziliondolewa kwa watu kusema. Wazazi na waandishi walitaja video gani, wakaeleza nini kimo ndani yake, na Novemba 2017 kampuni ikatangaza kuzifunga chaneli nyingi na kuondoa matangazo ya biashara kwenye maelfu ya video. Kazi haikuisha, lakini ilianza kwa mtu aliyetazama kwanza akasema kwa uhakika.

Basi kwa wale wanaoishi hapa Uingereza tungependa kukumbusha mambo machache, kwa kuwa wengi hudhani haya ni ya wenyeji. Vipindi visivyofaa watoto haviruhusiwi kwenye televisheni za kawaida kabla ya saa tatu usiku, na ruhusa hiyo inaisha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukiona kinyume, mamlaka ya Ofcom inapokea malalamiko ndani ya siku 20 za kazi tangu kipindi kiliporushwa. Andika jina la kipindi, chaneli, tarehe, saa, na umeona nini. Kama ni BBC, unaanza na BBC yenyewe. Kwa upande wa mitandao, tangu Julai 2025 sheria iliyopitishwa mwaka 2023 inazitaka kampuni kuwakinga watoto na maudhui yenye madhara na kuwa na njia ya kupokea malalamiko. Ada na kodi tunalipa kama wengine. Kiingereza cha kuvunjika hakimpunguzii mtu haki yake, na mtoto wa kidato anaweza kukusaidia kunyoosha sentensi mbili tatu. Huenda mkapata humo mazungumzo ambayo msingeyapata kwa njia nyingine.

Lakini tusijifiche nyuma ya Ofcom. Yako mengi ambayo hayana mamlaka ya kuyapokea isipokuwa sisi. Kwenye harusi zetu kioo kikubwa kinafunguliwa na video za muziki zinachezwa mchana kutwa, watoto wamekaa mstari wa mbele. Majumbani tunatazama filamu za nyumbani zenye vipigo na fumanizi, mjukuu yuko mapajani, kwa kuwa tu ni za Kiswahili na lugha yetu tunaiona haina madhara. Na simu! Ajali imetokea huko nyumbani, picha za maiti zinatumwa katika makundi ya familia, nasi tunazifungua mezani sauti ikiwa juu, "poleni jamani, tazameni." Pasaka ya 2016 wazazi wa Kiingereza walikuwa na chaneli ya kuilaumu. Hapa tutamlaumu nani?

Katika riwaya ya Adams kuna makazi mengine ya sungura ambao kundi la Hazel linawakuta njiani. Ni wanene na wana manyoya ya kung'aa, kwa sababu mkulima anawatupia chakula kila siku. Mkulima huyo huyo anatega matanzi ya waya pembeni mwa makazi yao. Wote wanalijua hilo, ila kwao ni mwiko kuuliza fulani yuko wapi. Wanakula vizuri na wamejifunza adabu ya kutouliza. Anayevunja mwiko ni yule Fiver, mgeni tena mdogo. Tulipoikumbuka sehemu hiyo tuliona haya. Tumekuja nchi za watu, tumeshiba, tuna heshima baina yetu, na adabu yetu imefika mahali ambapo mtu haambiwi kosa lake usoni asije akaudhika, bali anaachwa alisikie barabarani.

Nasi tunarudi kwenye kisa cha ngoma. Vijiji vingi vilimsikia msichana akiimba, vikacheza na kulilisha zimwi, vikasifu ngoma yenye sauti nzuri. Walipofika kwao, wazazi wake waliitambua sauti. Hawakupiga kelele. Walitafuta njia ya kumwondoa mwenye ngoma kwa muda, wakamtoa mtoto wao, wakatia ndani nyuki na siafu. Kilichomwokoa ni kwamba walisikiliza kilichokuwa kikiimbwa, wakati wengine walisikia mdundo tu. Binti yetu wa miaka sita alikuja akatuambia kwa maneno yaliyo wazi. Mvulana wa miaka kumi naye alituambia lake. Hatukuwajibu wote wawili.

Kwa hiyo kamati imekubaliana mambo matatu kwa Idi ijayo. Filamu itakayowekwa itatazamwa yote kabla na mtu mzima mmoja, ambaye jina lake litajulikana. Wadogo na wakubwa watakaa vyumba viwili. Na mkubwa mmoja atakaa ndani pamoja na watoto, si mlangoni, kwa zamu za nusu saa, ili kila mtu apate kula. Mvulana wa miaka kumi ameshaahidiwa kuonyeshwa mwisho wa safari ya sungura wale, baba yake akiwa kando yake.

Kijana wetu tumemwendea nyumbani kwao, tumemwomba radhi mbele ya wazazi wake, na tumemwomba arudi. Alitukaribisha chai. Amesema atafikiri.